Njia ya Polepole

Mafiga, Morogoro

Mume wangu, Baba Furaha,

Masika yamekwisha, milima sasa inaonekana hadi juu. Jumamosi mimi na mafundi wenzangu wa cherehani tunapanda Uluguru, jioni tunarudi. Maandazi nakaanga mimi. Nimechagua njia ya polepole, yenye sehemu nyingi za kupumzika, na Shadya ananicheka: "Dada, unatupeleka matembezi au kliniki?"

Sikumwambia kuwa niliwaza mguu wako. Ulisema ukipata nafuu kidogo tu utarudi kutoka Geita.

Jana kaka yako alipita hapa. Akanisimulia kwa fahari kwamba tangu Idi unacheza mpira, tena winga. Nikamkaribisha chai.

Njia sijaibadilisha.

Mkeo,
Shamimu