Tokeni ya Mama Naserian

Jumamosi, mwezi wa nane. Mawingu yamefunika Kajiado tangu asubuhi, na baridi imeniingia mpaka mifupani. Nimerudi Kitengela jioni hii, nimevua viatu vya vumbi. Naandika sasa hivi, maana nikikawia nitaanza kujitetea.

Wiki tatu zilizopita nilinunua karavani. Ndiyo, nyumba ya bati yenye magurudumu, ya kukokotwa na gari. Walimu wenzangu walicheka mpaka chai ikawapalia. Eti mwalimu wa hesabu anakaribia kustaafu, na badala ya kujenga kama watu wengine, ananunua nyumba ya kukokota! Niliipata kwa mzee mmoja wa Kiserian aliyekuwa amechoka nayo. Ikavutwa hadi kwenye ploti yangu kule mbele ya Isinya, ikaegeshwa karibu na ua wa jirani yangu, Mama Naserian. Mimi bado sijawekewa mita ya stima, kwa hiyo aliniruhusu nivute waya kutoka jikoni kwake.

Tangu siku ya kwanza karavani hiyo ilinitia hofu. Taa ndogo iliyo juu ya kitanda haizimiki. Unabonyeza swichi, inafifia, lakini haifi. Inabaki na kamwanga, kama mtu aliyefumba macho na hajalala. Kishikio cha mlango nacho ukikigusa kinakutekenya mkono hadi kwenye kiwiko.

Mtu mwingine angesema ni waya mbovu. Mimi nilisema ni Wafula.

Wafula alikuwa kaka yangu, fundi wa stima. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuja kwangu Jumapili moja kunitengenezea soketi ya jikoni. Alikuja na binti yake Nekesa, aliyekuwa na miaka tisa. Kabla hajaanza kazi, stima ikakatika kwa sababu tokeni, zile nambari za kulipia stima, zilikuwa zimeisha. Wafula akacheka. Akasema mambo yamekuwa rahisi, akafungua soketi na kuingiza mikono.

Mimi sebuleni nilikuwa na sare za kupiga pasi. Nikanunua tokeni kwa simu. Miwani nilikuwa nimeisahau shuleni, basi nikamwita Nekesa anisomee nambari huku nikizibonyeza kwenye kile kidude cha mita kilicho ukutani. Nilijua fika kwamba kaka yangu yuko jikoni. Nilidhani amezima swichi kubwa, kama ilivyokuwa kawaida yake. Yeye naye alidhani sitanunua tokeni mpaka amalize. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Nambari ni ishirini. Nilipobonyeza ya mwisho, friji ilianza kunguruma.

Watu walipokuja kuuchukua mwili niliwaambia, "Stima ilirudi." Maneno mawili tu. Nani angeuliza zaidi? Stima hupotea na kurudi kila siku. Mama yetu aliamini hivyo mpaka akafa. Mke wa Wafula anaamini hivyo mpaka leo, na kila Krismasi hunikumbatia na kuniita dada. Tangu siku hiyo sijabonyeza tokeni tena. Huwa namwomba mlinzi wa pale ninapokaa Kitengela aniwekee. Na miaka yote hii nimekuwa nikimtazama Nekesa na kujiuliza swali moja tu. Je, anakumbuka alichonisomea?

Sasa Nekesa ni fundi wa stima. Alipotuambia anataka kwenda chuo cha ufundi, nilikaa bafuni nikafungulia maji ili nisisikike nikilia.

Sikutaka kumwita kwa karavani hii. Niliwaita mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha balbu, wa pili akanishauri niiuze. Mama yake Nekesa akapata habari huko Ngong, akanipigia simu akiwa amekasirika. "Unatafuta mafundi wa nje na mtoto wako ako hapa? Hata aibu huna!" Nikampigia Nekesa.

Kwa hiyo leo asubuhi tumekwenda, mimi na Nekesa. Ana ovaroli ya buluu na anatembea kama baba yake, bega moja mbele. Nilimweleza habari ya taa na ya mlango bila kuingia ndani, kisha nikajifanya nina haja ya kumsalimu jirani. Nilikimbia, tuseme ukweli.

Mama Naserian alikuwa jikoni. "Takwenya," akanisalimu kwa Kimaa, nami nikaitikia "Iko," ndiyo Kimaa chote nilicho nacho. Akanivutia kiti, akalalamika kwamba redio yake imenyamaza asubuhi yote kwa sababu tokeni zimeisha, na sasa ndiyo kwanza mwanawe amemtumia nyingine. Akaniwekea simu mkononi.

"Mwalimu, hebu nisomee hizi namba. Macho yangu siku hizi ni ya kuona ng'ombe tu."

Nikavaa miwani. Nikasoma nne za kwanza, polepole, kama ninavyowasomea wanafunzi imla. Akabonyeza. Nikasoma nne zilizofuata. Kidude chake cha mita kikalia, tii, tii, tii, tii. Ni mlio huo ulionishtua.

Niliitupa simu. Sikumbuki mlango wa jikoni, nakumbuka tu kiatu kimoja kikinitoka na mbuzi wakitawanyika. Nilikuwa napiga kelele, "Nekesa, toka! Nekesa, usishike!" Nikakamata kishikio cha mlango wa karavani kwa mikono miwili. Hakikunitekenya.

Nekesa alikuwa amekaa sakafuni, skrubu mbili mdomoni, kipande cha sakafu amekifunua. Mfukoni, juu ya kifua, ilichomoza plagi ya ule waya wa jirani. Waya wenyewe ulikuwa umeviringishwa vizuri kando ya goti lake. Alikuwa ameuchomoa nilipokuwa naegesha gari, wala sikuona.

"Anti, ni nini?"

"Tokeni," nikasema. "Anaweka tokeni."

Akatoa skrubu mdomoni. "Akiweka pia, stima haitafika hapa. Mimi siwezi fanya kazi kama plagi haiko kwa mfuko yangu."

Nikakaa mlangoni. Nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Siku ile stima haikurudi yenyewe."

Hakushtuka. "Najua, anti. Si mimi ndiye nilikuwa nasoma?"

Kisha akaanza kuzitaja zile nambari, nne, nne, kwa sauti ileile ya mtoto anayejitahidi asikosee. Mimi ni mtu wa hesabu. Sijawahi kuziandika popote, na sijasahau hata moja. Zilipofika nne za mwisho, tulizitaja pamoja.

"Nilikuwa nangoja useme," akasema. "Lakini pia nilikuwa naogopa. Nilidhani siku utasema, utasema ni mimi."

Miaka kumi na miwili nimejificha kwa mtoto huyu, na yeye alikuwa amejificha kwangu. Naona haya kuandika hivi. Nililia kwa sauti, nikiwa na kiatu kimoja, na yeye akanishika kichwa kama mimi ndiye niliyekuwa na miaka tisa.

Baadaye alinionyesha ubaya wa karavani. Panya walikuwa wametafuna waya chini ya sakafu, ukawa unagusa bati. Kwenye plagi, fundi wa zamani alikuwa amegeuza nyaya mbili, ndiyo maana taa haikuzimika sawasawa. Na ule waya wa tatu, wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, hakuufunga kabisa. Kumbe si Wafula. Nilisikia nafuu, halafu nikasikia upweke ambao sikuutarajia.

Alipomaliza, Mama Naserian alikuwa amesimama nje na simu yake, ameogopa. "Niendelee ama niache?"

Nekesa aliipokea. Kwanza akageuka, akauliza kwa nguvu, "Kuna mtu ameshika waya?"

Nikatazama huku na huku. Nikajibu, "Hakuna."

Wakaenda jikoni, wakachomeka plagi, wakamalizia zile nambari. Taa ya kitandani iliwaka, nikabonyeza swichi, ikazimika kabisa.

Kesho tukitoka kanisani tutakwenda Ngong, kwa mama yake. Njiani kurudi Nekesa alisema ataanza yeye kueleza, kwa sababu ni mama yake na anajua namna ya kumwambia mambo. Nimekataa. Yeye alisoma tu. Aliyebonyeza ni mimi.

Nitaanza mimi.