Chuma Changu Hakikuwekwa Motoni

Jumatano, 27 Mei 2020

Sitaki kwenda chuo. Basi, nimeliandika. Mama hajui, Baba hajui, wala kaka yangu Kolby. Mahafali ya sekondari tuliyafanyia ndani ya magari kwa sababu ya korona. Watu walipiga honi, nikatabasamu nyuma ya barakoa. Agosti natarajiwa chuoni, mjini Bozeman. Mimi nataka kubaki hapa na ng'ombe wangu saba.

Ni wangu kweli. Babu Einar alinipa mtamba nilipotimiza miaka tisa, na chapa yangu mwenyewe ya kuchoma kwa chuma — umbo la robo mwezi, bega la kushoto. Wanalishwa pamoja na wa Baba, ila bonde zima linajua.

Leo Baba alikuwa kwenye simu jikoni. Serikali inawapa wafugaji fidia, maana viwanda vya nyama vimefungwa na bei imeanguka. Wanalipa kwa kila ng'ombe. Nilimsikia akiiambia ofisi ya kilimo kwamba wote ni wake. Wote! Nikaendelea kumenya viazi. Labda ndiyo njia ya haraka. Nyumba ina shida.

Jumamosi, 6 Juni

Leo tumepiga ndama chapa. Majirani walikuja na farasi na kamba zao. Bi Marlys alileta maharage na utani wake: kwa ninavyowabembeleza ndama, mume nitampata humuhumu zizini. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Kisha akaangushwa ndama wa ng'ombe wangu Biskuti. Nikaenda kuchukua chuma changu motoni. Hakimo. Vya Baba tu, vyekundu.

"Piga yangu, Kolby," Baba alisema bila kuniangalia.

Kolby akapiga. Moshi. Ndama akalia. Bi Marlys akarudi kwenye maharage yake — alijua ni wa nani. Wote walijua. Hakuna aliyesema neno. Hata mimi.

Wakafuata wengine wangu, mmoja mmoja.

Jumapili, 7 Juni

Nilimkuta Baba akikaza uzio. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, yakatoka mawili tu. "Kwa nini?"

Akasema hesabu lazima ilingane na aliyoitaja ofisini. Halafu, kwa upole — na upole ndio uliouma:

"Mwanangu, wewe si unaondoka? Anayebaki ni Kolby. Ng'ombe wako tumeshampa."

Tumeshampa. Kumbe na Mama! Wamenirithi ningali hai.

Hapo ndipo ningesema, siondoki. Nikamshikia waya. Akaukaza.

Alhamisi, 25 Juni

Fidia imeingia. Kolby ana pikapu. Si mpya, anasema Mama, kana kwamba hilo ndilo neno.

Karanga, ng'ombe wangu aliyechelewa, amezaa. Jike. Amemficha kwenye vichaka vya mierebi kule kijitoni. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 20 Julai

Gari la ofisi ya kilimo liko uani. Wanakagua baadhi ya ranchi. Afisa ni mama mmoja mtaratibu. Amezunguka malishoni na Baba, ameona robo mwezi mabegani mwa ng'ombe wangu, ameuliza ni chapa ya nani.

Baba amepanda hadi mlangoni kwangu.

"Mwambie ilikuwa ya marehemu babu yako. Wakijua ni yako watatudai fedha zote, Signe. Ranchi itakwenda."

Ameniangalia machoni. Mara ya kwanza tangu siku ya chapa. Ameshuka, ngazi moja moja, kama mzee.

Nasikia vikombe. Mama anamwambia afisa mimi ni mtoto mwenye haya, nitakuja.

Jana wote watatu walipokwenda kwa Bi Marlys, nilikwenda kwenye mierebi na chuma changu. Niliwasha moto, nikamfunga ndama wa Karanga miguu. Alama imetoka safi. Robo mwezi, bega la kushoto. Kidonda bado kibichi, na marehemu hapigi chapa. Afisa hajafika kule.

Mama ananiita tena. Hilo la ndama lishike wewe, daftari. Usimtajie mtu — walau mpaka nifike chini na kusikia mdomo wangu utasema nini.