Sisi Hatunywi Majani

Nyumbani Kebirigo,
Kaunti ya Nyamira.
Alhamisi, 12 Machi 2026.

Mpendwa wifi yangu Tryphosa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hamjambo huko Minnesota? Duke hajambo? Na Anyona na Valarie, bado theluji inawafungia ndani au sasa wanatoka kidogo? Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wale wazee kazini umepata nafuu? Huku tunamshukuru Mungu. Baba ni mzima, ni goti tu, na yale masikio yake yanayosikia anachotaka. Mvua imeanza, matope yamefika mlangoni, na majani chai yanachipuka kwa fujo hata mikono haitoshi. Mimi niko sawa.

Uongo. Siko sawa hata kidogo, ila tulifundishwa kwamba barua huanza kwa salamu, basi salamu ndizo hizo.

Tafadhali soma hii ukiwa peke yako. Nikimaliza nitapiga picha kila ukurasa nikutumie kwa simu. Duke utamwambia baadaye. Unamjua ndugu yangu, akisikia jambo anapiga simu hapo hapo na kuanza kufoka, na safari hii kufoka kutaharibu. Najua unajiuliza kwa nini nisipige simu mwenyewe. Nikapigie wapi, wifi? Katika nyumba hii simu ni ya ukoo mzima. Nikisema haloo tu, Mama anadai sauti iwekwe juu na Baba anasogeza kiti. Nikitoka nje, mtandao unapotea. Tena kwa simu ningelia, au ningekukaripia, na wewe hustahili kukaripiwa.

Jambo lenyewe ni Mama na ile chai ya kijani.

Unakumbuka Januari, alipokuwa ameanza sindano za ile saratani ya uboho, ukamwambia kwa simu kwamba huko kwenu wagonjwa wengi wanakunywa chai ya kijani, eti inasafisha mwili? Yalikuwa maneno mawili matatu ya kumtia moyo. Sikulaumu. Mimi nilikuwa pale pale nachambua maharagwe, na nikaitikia, eti ni kweli, hata redioni wamesema. Wewe ulikuwa unawaza vile vipakiti vya karatasi vyenye kamba. Lakini mtu wa Kebirigo ukimtajia chai ya kijani, ataona nini? Si shamba lake? Mama alisikia kijani, akageuka akatazama dirishani.

Kumbe tangu siku hiyo amekuwa akitoka asubuhi, mdogo mdogo na fimbo yake, anachuna yale machanga ya juu, majani mawili na kichipukizi, kabla hatujajaza vikapu vya kupeleka kituoni kuuza. Anachemsha kwenye kile kisufuria cheusi mpaka maji yanakuwa mazito, machungu ya kukunja uso. Anatia kwenye flaski ya bluu, ile uliyomletea wewe, na anakunywa kutwa nzima. Mimi nilidhani ni maji ya moto. Tangu aanze matibabu maji baridi hataki hata kuyaona.

Mama yetu, Tryphosa! Mwanamke aliyechuna majani chai tangu usichana na hajawahi kuyaonja, kwa sababu ni Msabato na mumewe ni mzee wa kanisa. Nyumba ambayo mtoto akitaka kitu cha moto anapewa soya au uji. Wewe unaijua hiyo habari kuliko mtu yeyote, nami nitarudi hapo.

Subiri kidogo, ananiita.

Nimerudi. Alitaka mto wa mgongoni. Anauliza naandika nini, nimemwambia ni hesabu za kikundi. Mungu anisamehe.

Tulivyogundua, utacheka. Sabato iliyopita akina mama wa Dorkasi, wale wa kanisani wanaotembelea wagonjwa, walikuja kumwombea. Nikachukua flaski ya bluu, nikawakorogea soya kwa haraka, nikawapa. Mong'ina, yule kiongozi wao, alipiga funda moja akafumba macho, nami nikadhani ameanza maombi. Akafumbua akaniuliza, kwa adabu kabisa, soya hii mmeikaanga na nini. Mwingine alikuwa ameshamaliza chake na anaomba kingine, eti kinachangamsha. Mama akasema kutoka kwenye kochi, sauti juu: "Hiyo ni dawa yangu ya Tryphosa. Msinimalizie!" Wee! Baba alikohoa mpaka akatoka nje.

Nilicheka, wifi, nilicheka nikashika mbavu. Halafu nilipokuwa naosha vikombe kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka kliniki.

Kila Jumatatu tunaenda mjini Kisii anadungwa ile sindano ya tumboni. Kabla ya sindano kuna muuguzi anaitwa Celestine anayemuuliza maswali. Kuna mitishamba unayotumia? Mama anasema hapana, na kwa akili yake hadanganyi. Mitishamba kwake ni mambo ya waganga, na yeye na waganga wapi na wapi. Chai je? Hapo Mama ananyoosha shingo: "Sisi ni Wasabato. Hatunywi majani." Celestine naye ni Msabato wa Nyanchwa, anatabasamu, wanaruka kwenda kwa swali la choo. Mimi nimekaa pale kila mara nikitikisa kichwa kwa fahari. Jamani! Kwa Mama, majani ni yale meusi yanayotoka kiwandani. Haya mabichi ya shambani ni mboga tu, kama chinsaga. Na yakishapitia kwa jina lako yanakuwa dawa.

Na hili ndilo linalonitoa jasho: vipimo vyake havishuki. Ile protini mbaya ya damuni, ambayo daktari alitarajia iwe imeanza kupungua, imekaa pale pale. Mifupa bado inamuuma, na ukimshika bega anashtuka. Mwezi uliopita Daktari Owino alisema tuvumilie, tuone. Sasa anasema vipimo vijavyo visipobadilika itabidi aache dawa hii na kumpa nyingine kali zaidi, na kwa umri wa Mama hataki kufika huko.

Jumatatu sikuthubutu kumwumbua Mama mbele ya Celestine, basi juzi Jumanne nilimdanganya kwamba naenda kutafuta mbolea, nikaenda kliniki peke yangu. Nilimweleza Daktari Owino yote, hadi soya ya Dorkasi. Yeye ni mtu wa kwenu, wa Homa Bay, mpole sana. Hakucheka. Aliweka kalamu chini akaniuliza, anakunywa kiasi gani? Nikamwambia flaski. Akauliza tena, nikamwambia tena.

Alinifafanulia taratibu, nami nakufafanulia vile nilivyoelewa. Chai ya kijani si sumu. Wagonjwa wengi wa saratani wakinywa kikombe kimoja au viwili, na daktari wao anajua, huwa hakuna taabu. Kunywa nyingi na nzito ndiyo shida, na vile vidonge vyake vilivyokamuliwa ndivyo vibaya zaidi, kuna watu vimewaumiza ini. Lakini inategemea mtu anatumia dawa gani. Hiyo sindano ya Mama, hasa hiyo, haipatani na chai ya kijani. Watafiti wameona kwenye maabara kwamba kuna kitu ndani ya chai hiyo kinaishika dawa na kuifunga, isifanye kazi yake. Kwa hiyo wanaodungwa sindano hiyo wanaambiwa waiache kabisa mpaka matibabu yaishe.

Nikamuuliza, kwa hiyo ni chai ndiyo imezuia? Akasema hawezi kuapa. Huenda ni hiyo, huenda ni ugonjwa wenyewe mkaidi. Lakini hawezi kujua wakati Mama bado anakunywa, na hataki kubahatisha na mifupa ya mtu. Aache leo, alisema, si kesho.

Basi nikafika nyumbani na matope yangu, sikuvua hata viatu, nikamwambia Mama. Nilimwambia vizuri, nakuapia. Alinisikiliza, akasema asante mwanangu, akanyoosha mkono akajimiminia.

Nikaficha kisufuria. Jana asubuhi nimemkuta kwenye mistari ya chai anatafuna majani mabichi kama mbuzi. Nikamwita Baba. Baba akaja na maandiko, kwamba mwili ni hekalu. Mama akamjibu kwamba hekalu ni lake na linauma. Nikakasirika, nikapaza sauti, mimi, kwa mgonjwa. Nikamwambia unataka kufa? Kwa nini unashikilia majani ambayo maisha yako yote umeyakataa?

Hapo ndipo akanijibu, na ndiyo sababu naandika. Ninanukuu alivyosema, ila alisema kwa Kigusii: "Gladys, unataka nimkatae mke wa Duke mara ya pili?"

Nikakaa chini pale pale kwenye matope.

Unakumbuka siku Duke alipokuleta mara ya kwanza. Hakuna aliyekuambia mambo ya majani, Duke na akili zake. Ukaingia jikoni kwa heshima zako, ukapika chai ya maziwa, nzito, ukamletea Mama kwa mikono miwili. Akafunika kikombe kwa kiganja. "Sisi hatunywi majani." Basi, hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyekukuta jikoni unalia, nikakuambia ni dini tu, usijali, hata mkwe Mgusii wa kutoka hapo ng'ambo ya mto angekataliwa. Nawe ulifuta macho ukaniambia sawa. Najua hukuniamini. Miaka yote hii hatujawahi kulizungumza, na Mama alibadilika akakupenda kwelikweli, tukaona limepita.

Jana ameniambia halikupita. Alisema: "Siku ile sikukataa majani. Nilikataa mtu. Nilikataa Mjaluo. Majani yalikuwa ya kujifichia." Alisema ulipomwambia Januari anywe chai, alijua Mungu amemrudishia kikombe kile kile. Kabla ya kunywa huwa anataja jina lako. Eti kikimshinda kwa uchungu anasema hiki ni cha Tryphosa, anameza. Nililia, wifi, mbele yake, na yeye akanipangusa kwa leso yake na kuniuliza mbolea iko wapi.

Sasa unaona nilipofungwa. Neno langu halitoshi, la daktari halitoshi, na Baba na Biblia yake wameshindwa. Na kila Sabato jua likizama unapopiga simu, mwisho unamuuliza, Mama, unaendelea na ile chai yetu? Anakuitikia kwa sauti ambayo hata mimi mtoto wa kumzaa sijawahi kupewa. Ndiyo, mwanangu, naendelea. Halafu usiku kucha ana raha, na Jumatatu anadungwa sindano isiyo na nguvu.

Keshokutwa ni Sabato. Jumatatu ni sindano, na Daktari Owino atatoa damu. Nakuomba, piga mapema, na usimuulize habari za chai. Usimwambie kwamba Gladys amekuandikia, wala kwamba daktari amesema, maana atadhani tumekushurutisha. Usiombe msamaha pia. Ukianza kuomba msamaha kwa kumshauri vibaya, ataanza kukufariji, na kukufariji kwake kutakuwa kunywa zaidi. Na vile vidonge vya chai ya kijani ulivyosema utampa jirani yetu Angwenyi amletee Mama akija Aprili, usimpe. Mpe soksi za Mama. Miguu yake inapata baridi.

Sijui umwambieje. Wewe una maneno matamu kuliko mimi. Mimi nimekaa hapa tangu saa nne natunga na kufuta, na kuku wameingia jikoni, na kikapu changu cha majani bado nusu. Kama ukikasirika ukisoma haya, kasirika, una haki, nikasirikie hata mimi. Ila usiache kupiga.

Baba anakusalimu, na anasema umwambie Duke azungumze na watoto Kigusii, nawe uwazungumzishe Kijaluo, wasije wakabaki na Kiingereza kitupu. Nisalimie Anyona na Valarie. Akina mama wa Dorkasi wote wanakusalimu, yule aliyeomba kikombe cha pili zaidi ya wote. Mungu awalinde huko kwenye barafu, mtoke na mrudi kazini salama, na mgongo wako aunyooshe.

Mama hajatuma salamu kwa sababu hajui naandika. Ila nikimwangalia kutoka hapa, amekaa kwenye kochi, flaski mapajani, ameniuliza mara mbili kama simu ina chaji ya Jumamosi. Mwambie kikombe kimefika, wifi. Mwambie umekipokea kwa mikono miwili, na sasa anaweza kukiweka chini.

Ni mimi wifi yako nikupendaye na kukuhitaji,
Gladys.