Jani la Juu Kabisa

Jumatatu, 9 Juni
Wateja saluni tangu asubuhi. Udi unafuka, feni inazunguka kivivu. Kelele za Kariakoo zinapanda dirishani kama zinatoka mbali. Wateja walipopungua nikajichora kwa wino mweusi wa piko mguu wa kushoto, kujaribu ua la Saumu. Mdogo wangu anaolewa Jumamosi na hataki achorwe na mwingine. Waridi kwenye kifundo, kisha majani yanapanda hadi katikati ya muundi. Limepita juu ya kidonda cha mbu nilichokikuna juzi. Kadogo tu. Jamani, limependeza. Nimejipenda mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni
Waridi limevimba. Linang'aa, utadhani limefumbuka. Nimelitazama mpaka chai ikapoa. Zuri, na linauma. Rehema, tunayefanya naye kazi saluni, kanicheka: piko imekukataa, wewe fundi mzima! Kweli, wengi nimeona wakivimba kwa piko. Nimepaka mafuta ya mzio. Aibu tupu. Nimevaa dera refu ili wateja wasione.

Jumatano, 11 Juni
Uvimbe umefika jani la pili. Ngozi ngumu, ya moto. Kwangu mimi mweusi tii wekundu hauonekani, nafuata joto kwa kiganja. Nikisimama mguu unagonga.
Mchana nimesinzia kwenye kiti cha mteja. Nimeota majani yamenipanda hadi kifuani, basi la mwendokasi linapita katikati yake taratibu, abiria wananipungia mkono. Sikuogopa. Raha ya ajabu.
Nimeamka natetemeka, na feni imezimwa. Homa. Rehema kasema twende hospitali. Nimemfokea. Nikilazwa, Saumu atachorwa na nani?

Alhamisi, 12 Juni
Nimeamka na mtoki kinenani. Nikapapasa mguu kuanzia chini. Waridi, moto. Jani la pili, moto. Jani la juu kabisa, moto. Nikapandisha kiganja hadi kwenye ngozi tupu, karibu na goti. Moto.
Hapo sikuchora.
Piko inaunguza ilipopakwa, haipandi yenyewe. Hiki kitu kinatembea. Usingizi wote wa siku hizi ukanitoka, nikaogopa kufa. Nikampigia Saumu, nikamwambia sitaweza kumchora, mguu umeharibika.
Akasema, "Dada, usitoke hapo. Nakuja."
Kaja na bajaji, liwa ya urembo bado usoni. Biharusi aliyewekwa ndani, watu wasimwone! Mtaa mzima wa Gerezani umemwona. Kanishika kiuno ngazi zote, liwa ikanichafulia dera.
Hospitalini daktari kabonyeza mguu, kapima homa, kasema vijidudu vimeingia kwa kile kidonda na kesho ningekuwa nimechelewa. Dripu hapohapo. Kachora mstari kwa kalamu chini ya goti: uvimbe ukivuka hapa, muite nesi, usingoje. Mstari wenyewe kaupinda.

Ijumaa, 13 Juni
Umevuka. Nesi kaitwa, dawa imebadilishwa. Neti inapumua juu yangu. Nanusa udi ambao haupo.

Jumamosi, 14 Juni
Uvimbe umesimama. Huko nyumbani wanamwoza Saumu. Nasikia vigelegele, au ni homa. Nimejionea huruma sana.

Jumapili, 15 Juni
Homa hakuna. Mguu umenywea, ngozi ya waridi imeanza kubanduka, waridi nalo linaenda. Jani la juu bado lipo.
Saumu kaja na mumewe. Kafungua viganja: vyeupe. Kaolewa mikono mitupu, mashangazi wamesema mpaka wamechoka. Nikamgombeza, kisha nikalia. Akatoa hina kwenye pochi.
Kwanza nikamkagua, kidole kwa kidole, mpaka kwenye kiwiko. Hana hata alama ya mbu. Nikamchora jani moja, dogo, kiganjani. Limepinda kama mstari wa daktari. Saumu amekaa ukingoni mwa kitanda, analipepea likauke.