Makaa Tuliyoyafukia

Jumanne, 5 Agosti 2025

Maisaka, Babati. Miaka hamsini na moja tangu serikali itushushe kwa lori, tukae vijijini, kutoka kule juu, nyuma ya Dareda. Bado nikiulizwa kwetu ni wapi, naonyesha milima kwa kidevu.

Mjukuu wangu Marietha yuko likizo ya chuo. Amekuja na gemu – si ya simu. Hakuna ubao wala karata. Yeye anasimulia nchi ya kubuni, wenzake kila mmoja anakuwa mtu wa nchi hiyo, na dadu lenye pande ishirini linaamua kama jambo limefaulu. Dadu! Baba yangu, katekista, angelitupa chooni.

Anataka miiko ya zamani ya kwetu. Anasema nchi yake ina milima na mito, lakini watu wake hawaogopi kitu, kwa hiyo hawafanani na watu. Nimempenda kwa maneno hayo.

Nimempa mitatu. Kutopiga mluzi usiku. Kutohesabu ng'ombe kwa kidole. Kunyamaza ukifika chemchemi, mpaka mtungi ujae.

Jumatano, 6 Agosti

Wamecheza sebuleni: Marietha, Octavian fundi simu, na Ritha wa duka la jirani. Shikamoo babu, marahaba, kisha wakanisahau.

Mtu wa Octavian alipiga mluzi usiku. Marietha akampunguzia nguvu. Nikashindwa kuvumilia – hapana! Kwetu aliyepiga mluzi analala vizuri tu. Anayeugua ni ndama wa jirani. Ndiyo maana kila mtu alichunga mdomo wa mwenzake.

"Weee! Kwa hiyo majirani wataniua?"

Hawakuui, nikamwambia. Asubuhi ukienda kuomba moto, wanakunyima.

"Babu ni noma!" Ritha alicheka mpaka dadu likaingia chini ya kabati.

Marietha hakucheka. Aliuliza: moto mliombana? Ndiyo, mama. Kibiriti kilikuwa cha kwenda nacho safari. Moto uliubeba kwenye kigae, unakimbia, moshi unakuingia machoni. Harufu ile nimeikumbuka jioni nzima.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mji umetulia. Nimempa Marietha mwiko wa nne, ambao sikutaka kuutoa.

Mwenye nyumba akizima mafiga kwa maji, harudi tena nyumba hiyo. Akiondoka kwa muda, anafukia makaa kwa majivu. Siku ya lori, kijana mmoja wa waliokuja kutuhamisha alimpa mama ndoo ya maji, afanye haraka. Mama aliiweka chini. Alifukia makaa taratibu, kama anayemfunika mtoto. Akasema: tunarudi. Alifia hapa Maisaka, bado anasema hivyo.

Leo kwenye gemu wamefika nyumba hiyo. Marietha ameiweka ukingoni mwa ramani, mlango ukitazama mashariki, kama nilivyomweleza. Nilijua hata mahali pa kuinama kuingia.

Octavian aliuliza makaa yanakaa muda gani. Nikasema: mpaka mwenyewe aje kuyafukua.

"Na asipokuja?"

Ritha alimpiga kiwiko – nyamaza wewe, huoni mzee? Ni Marietha aliyejibu, macho yake kwenye ramani: asipokuja, bado yanawaka.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa Marietha ameniomba nimpeleke kwetu, kule juu. Anataka auone mlima wenyewe, aurekebishe wa kwake. Jirani yetu Severini amejitolea gari. Nimekubali! Nimepiga hata viatu kiwi.

Kisha dada yangu Xaveria akapiga simu kutoka Dareda. Kaka, unaenda kutafuta nini? Pale kwetu sasa ni shamba la vitunguu saumu. Trekta limepita. Hata figa moja huoni.

Marietha alisikia. "Twende tu, babu. Nione mlango ulitazama wapi."

Gari linanguruma nje. Severini amepiga honi – ya tatu hii. "Mzee! Jua linapanda!" Koti ninalo mwilini, mkongojo uko mapajani.

Nimemwambia Marietha aende na Severini. Nimemwelekeza: apite kanisani, ashike kushoto, ateremke mpaka chemchemi. Akifika anyamaze. Apige picha za milima atakavyo. Asichimbe chini. Asifukue kitu.

Ameshuka garini. Nasikia kandambili zake uani, anakuja kunibembeleza.

Mimi sitarudi kule.