Begi ya mulangoni

Mabanga, Jumapili usiku

Nimeelewa! Muda huu wote tunalipa ile asiransi, bima ya kuongeza juu ya mutuweli, ule mufuko wetu wa matibabu, na mimi nanung'unika kwamba tunalipa kitu kimoja mara mbili. Leo mama wa mutuweli alipita, nikamukalisha mpaka anieleze vizuri. Mutuweli inalipa hospitali. Ile ya kuongeza inatulipa sisi wenyewe, kila usiku mugonjwa analala kule, kwa sababu hafanyi kazi.

Muzee wangu, baba ya watoto, anafunga hernia yake, ile ngiri ya tumbo, na kitambaa, anapanda moto, pikipiki yake, anatafuta abiria. Daktari alishasema apasuliwe. Kila nikimukumbusha, ananiuliza: "Na watoto watakula nini?"

Leo nimemujibu: asiransi itatulipa kila usiku utalala kule! Akasema: "Basi, kesho asubuhi twende."

Naogopa ile kisu, sitajidanganya. Na kama njia zinafungwa tena… hapana, sitaki kufikiri.

Nikafunga begi mara moja: mashuka, sahani, sabuni. Jirani yangu, Mama Furaha, aliniona naiweka mulangoni. Akarudi kwake mbio, akaita watoto wote, akatoka na godoro juu ya kichwa.

"Ni volkano ao ni vita?"

"Ni hospitali, mama! Muzee anaenda kupasuliwa!"

Tulicheka mpaka akaikaa juu ya godoro yake pale inje.

Lakini sikumulaumu. Begi hii tulikimbia nayo volkano, tukakimbia nayo vita. Kesho inatoka kwenda mahali tumechagua sisi wenyewe.