Jina Lako Linaitwa Darasani

Mama,

Salamu huko uliko. Huku Mikelenge tu wazima, ila nyumba imekuwa pana mno tangu utuache. Ukuta wa jikoni ulianguka kwa mvua, tumeusimamisha. Mboga ya sombe bado naizidisha chumvi, najua ungenuna.

Nakuandikia kwa ajili ya binti yangu, mjukuu wako Mwayuma, anayekuita Koko. Amemaliza shule ya msingi hapa jirani, sasa yuko sekondari ng'ambo ya mto. Unajua tulivyomlea: kwa kuwa amebeba jina lako, nani angethubutu kulitamka hovyo? Nyumbani ni "Mama". Kwa majirani ni "Mama". Hata mwalimu wake wa zamani alimwita hivyo hivyo.

Basi siku ya kwanza mwalimu mpya akaita, "Mwayuma!" Kimya. Akaita tena, kimya. Akaandikwa hayupo, naye kaketi dawati la mbele! Wenzake walimcheka, akarudi analia: "Mie sirudi kule. Ile jina njo ya Koko, na Koko alikufa."

Kesho yake akagoma kutoka kitandani. Nikabembeleza, nikafoka, wapi!

Ndipo nikakumbuka miaka ya vita, watu walipoitwa nje kwa majina wakachukuliwa. Ulituonya: "Wakiita jina yako inje, unyamaze, hata kama njo sauti ya muntu unajua." Shule zilipofunguliwa, nami nikanyamaza darasani kwa mazoea. Hukunichapa. Uliniita kutwa bila sababu, kwenye kinu, kisimani, hata chooni, "Feza! Feza!" mpaka nikaitika kwa hasira. Ukacheka: "Ee, njo vile! Vita imeisha."

Lakini lile lilikuwa jina langu, Mama. Lako sikuwa nimelitamka tangu tukuzike. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikalisema chini chini. Kisha nikapaza sauti, "Mwayuma!" na machozi yakanitoka. Kutoka chumbani akanong'ona kuwa yupo, kwa Kifaransa cha shule: "Présente."

"Mwayuma!"

"Présente!"

Tuliitana hivyo siku kadhaa. Majirani walidhani nimerukwa na akili.

Leo amevuka mto na wenzake. Nilitaka kumsindikiza, akakataa.

Lala salama, Mama yangu. Nakuahidi sitalificha tena jina lako. Kila asubuhi litaitwa kule ng'ambo, na wewe usihangaike kuamka. Yuko wa kuitika.

Mwanao,
Feza